Jeki Haina Ukwe

Usiku wa jana niliota nimeketishwa kwenye mkeka mbele ya mlango wa kushoto wa gari langu, na mlango ulikuwa unasubiri niuamkie.

Kabla ya kueleza kilichosemwa, niweke mezani mambo yaliyo ya kweli. Bila hayo ndoto yenyewe haitaeleweka.

Mimi ni mpimaji wa ardhi, mkazi wa Morogoro. Ninalo gari la mwaka 1964, la milango miwili. Sitaitaja kampuni iliyoliunda, haina kosa. Nililipata uani kwa jirani likiwa limegeuzwa banda la kuku, na kuku mmoja alikuwa anaatamia kwenye kiti cha dereva. Tukasubiri aangue, ndipo tukalivuta. Tangu hapo nimelifufua kipande kwa kipande. Injini inanguruma kwa adabu, breki zinashika, na rangi ni ileile ya kwanza, rangi ya samli.

Imebaki kasoro moja. Mlango wa abiria, ule wa kushoto, umeshuka upande wa nyuma. Kwa kuwa umeshuka, komeo lake halikutani sawasawa na kile chuma cha nguzoni kinacholipokea. Linakishika kwa ncha tu. Barabara ikipinda kulia, mlango unafunguka wenyewe.

Njia ya kuishi nao ninayo. Kila kona ya kulia ninanyoosha mkono wa kushoto, ninampitia abiria kifuani, ninashika mlango hadi kona iishe. Nimempitia hivyo fundi wangu wa rangi, mashemeji wawili na sheikh mmoja, na hakuna aliyelalamika.

Sasa, leo anakuja mama mkwe kwa basi la kutoka Kondoa. Anaitwa Bi Mwamvua. Nilimwambia kwa simu kwamba gari limekamilika, naye akasema atakuja alipande. Kwetu mama mkwe hapitiwi mkono mbele, sembuse kifuani. Ukikutana naye njiani, unapisha. Ukitaka kumpa kitu, unakiweka mezani, naye anakichukua mezani. Na kati ya kituo cha mabasi na nyumba yangu kuna kipilefti, ule mzunguko wa barabara. Kipilefti, ukikiangalia kwa jicho la fizikia, ni kona moja ndefu ya kulia.

Jana jioni nililijadili jambo hili na mke wangu, Sikudhani, wakati anachambua mchele.

"Mkodie teksi," alisema.

"Amesema atapanda gari hili."

"Basi akae nyuma."

"Gari lina milango miwili. Anayekwenda nyuma anainama, anapita kwa magoti pembeni ya kiti cha mbele."

Alifikiri. "Mama yangu? Kwa magoti, amekupa mgongo?"

"Ndiyo."

"Aa, hapana. Basi ashike mlango mwenyewe."

"Nimwambie mama yako ashike mlango ili asidondoke?"

"Na mkanda je?"

"Mkanda unamzuia mtu asitoke. Hauuzuii mlango."

"Baba Tunu," alisema Sikudhani, "umeupima huo mlango tangu mwezi wa Ramadhani. Ungekuwa kiwanja ungeshapata hati." Akaendelea na mchele wake.

Nikaenda kulala nikiwa sina ufumbuzi. Hayo ndiyo ya kweli. Yanayofuata ni ndoto.

*

Niko bandani ninapoliweka gari, lakini banda ni sebule ya Bi Mwamvua kule Kondoa. Ninajua ni sebule yake kwa sababu kuna vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu, hata juu ya betri.

Gari limekaa chini, limenyoosha magurudumu mbele kama mtu aliyechoka kusafiri. Mlango wa kushoto umekaa kwenye kiti, umeegemea upande. Kwenye nguzo ya mbele wamening'inia wanawake wawili wa chuma, dada wawili, bawaba za mlango. Bawaba wa Chini ni mnene na anatazama moja kwa moja. Bawaba wa Juu ni mwembamba, na kila anapopumua anatoa mlio mdogo. Mwisho wa mkeka amekaa Komeo, amefunga mdomo kwa bidii.

"Umekuja na nani?" aliniuliza Bawaba wa Chini.

Mtu haendi ukweni peke yake kwa jambo zito. Nilikuwa ninajua hivyo. Niliangalia mkononi.

"Nimekuja na spana."

"Namba ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Si ndugu wa mtu," alisema. "Lakini kaeni."

Nilikaa. Spana nayo ikakaa.

"Naomba kusema," alisema Komeo.

"Bado," walisema dada wote wawili.

Nilielewa. Katika kitabu cha ufundi nilichokisoma, imeandikwa kwamba bawaba hurekebishwa kwanza na komeo baadaye. Nilichukulia kwamba hiyo ni hatua ya kazi. Pale sebuleni ilikuwa ni sheria ya nani azungumze mwanzo.

Hata hivyo niliona njia fupi. Kwenye nguzo ya nyuma kilisimama kile chuma kinachopokea komeo. Waliniambia anaitwa Bwana Mpokeaji. Alikuwa amepanua mdomo, mpole, kama mtu anayesubiri kulishwa. Mlango umeshuka milimita nne. Nikimshusha Mpokeaji milimita nne, watakutana. Hesabu haina kasoro. Nikachukua bisibisi, nikalegeza skrubu zake.

Bawaba wa Chini akakohoa.

"Unamshusha aliyesimama sawa," alisema, "ili afanane na aliyeshuka?"

"Milimita nne tu."

"Na mwenye kushuka akishuka tena?"

"Nitamshusha tena na huyu."

"Haya. Endelea."

Nilimshusha Mpokeaji milimita nne. Mlango ukashuka nne nyingine. Nikamshusha tena. Mlango nao ukashuka. Tuliendelea hivyo kwa utulivu, bila ugomvi, hadi Mpokeaji alipokuwa amekaa sakafuni na mlango umelala chali kando yake.

"Hapa panatosha?" aliuliza Mpokeaji. Ni mtu wa heshima sana.

Niliinama nikapima. Komeo na mdomo wa Mpokeaji vilikutana barabara. "Mmepatana," nilisema.

"Wamepatana," alikubali Bawaba wa Chini. "Gari ndilo halina mlango."

Nilitazama gari. Pale penye mlango palikuwa na upepo. Nikarudisha kila mtu mahali pake.

*

Ndipo nikaamua kufanya kazi kwa kufuata utaratibu. Kipimo cha kwanza cha mlango ulioshuka ni kuushika kwenye ncha ya nyuma na kuunyanyua kidogo. Ukicheza juu na chini, ujue bawaba zimelika. Nilinyoosha mkono.

"Mkono huo unakwenda wapi, baba?"

Sauti ilikuwa ya Bi Mwamvua. Ilitoka kwenye mlango.

Niliurudisha mkono mara moja. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuuliza mkono."

"Sikujua kama ni wewe."

"Kesho nani atakaa upande huu?"

"Wewe, mama."

"Nitaegemea wapi?"

"Mlangoni."

"Basi," alisema mlango. "Ninakoegemea ndiko niliko."

Sikuona dosari katika hoja hiyo. Nikasogea nyuma hadi ukingo wa mkeka na kuangalia pembeni, kama inavyotakiwa. Sasa nilikuwa na mlango wa kurekebisha na sikuruhusiwa kuugusa, kuuangalia usoni, wala kuuambia neno la waziwazi.

"Atafutwe wa kupeleka maneno," alisema Bawaba wa Juu, akitoa mlio wake.

"Nipo," alisema mtu kutoka pembeni mwa fremu.

Alikuwa Mpira wa mlango, ule mpya nilioubandika kwa gundi wiki iliyopita ili kuzuia mvua na vumbi. Alikuwa mweusi, amenenepa, ananukia duka. Alikuja akajilaza katikati yetu, kichwa kwake, miguu kwangu.

"Sema nami nitafikisha," aliniambia.

"Mwambie mama kwamba upande wa nyuma ameshuka milimita nne."

Mpira akamgeukia. "Anasema hujambo, na amefurahi kukuona umekaa vizuri."

"Mwambie asante," alisema mlango.

"Sikusema hivyo," nilisema.

"Maana ni ileile."

"Si ileile. Ile ina kipimo."

"Nimetoa makali," alisema Mpira. "Ndiyo kazi yangu. Bila mimi mngekuwa mnagongana chuma kwa chuma, na majirani wanasikia."

Nilijaribu tena. "Mwambie pini ya bawaba ya juu imelika."

"Anasema dada yako wa juu bado kijana."

Bawaba wa Juu akajitazama. "Kumbe," alisema, akaning'inia vizuri zaidi kuliko alivyokuwa.

"Mwambie," nilisema polepole, "kwamba akiachwa hivi alivyo, kesho kwenye kipilefti atafunguka, na aliyeegemea ataanguka barabarani mbele ya watu."

Mpira alilipapasa neno hilo kwanza. Hili lilikuwa na makali pande zote.

"Anasema kesho kuna safari," alimwambia.

"Najua kuna safari," alisema mlango. "Huyu kijana ameita kikao kizima kuja kuniambia kuna safari?"

"Naomba kusema," alisema Komeo.

"Bado."

*

Tuko kwenye kipilefti.

Hakuna aliyesimama wala kuondoka. Kikao ni kilekile, mkeka ni uleule, ila mimi nimeshika usukani na kila kitu kinazunguka kulia. Vitambaa vya kufuma vinapepea. Gari linatembea bado limekaa chini, kwa makalio, kama mtoto anayejifunza.

Mlango unaanza kufunguka. Unafunguka taratibu kama mtu anayepiga miayo akidhani haonekani.

Mkono wangu wa kushoto unaondoka kwenye usukani.

"Rudi," ninauambia.

"Ni kona ya kulia," unasema mkono.

"Upande huo yupo mkwe."

"Mimi ni mkono. Sina mkwe. Wewe ndiye uliyeoa."

Unasogea. Uko katikati ya gari. Sina njia nyingine: ninaukamata kwa mkono wa kulia, ninaurudisha, ninaukalia.

Katikati ya kipilefti, pale panapokuwa na bustani, amesimama trafiki mrefu mwenye sare nyeupe. Hana uso. Mahali pa uso pana kioo cha pima maji, kile cha mafundi cha kupimia usawa, na ndani ya kioo kapovu kanakwenda kushoto na kulia. Anapuliza filimbi. Tunasimama, ingawa kipilefti kinaendelea kuzunguka.

"Dereva. Mkono wa kushoto uko wapi?"

"Nimeukalia, afande."

"Kwa sababu gani?"

"Mama mkwe, afande."

Kapovu kakatulia kidogo. "Hiyo ni sababu," alisema. Akalizunguka gari. "Mnapima mlango?"

"Tunajaribu."

"Gari limekaa chini."

"Limechoka, afande."

"Gari hupimwa likiwa limesimama kwa miguu yake, mahali pa usawa. Hakuna mlango wa kweli kwenye gari lililokaa. Lisimamishe."

Nililiambia gari lisimame. Likainuka kama ng'ombe, sehemu ya nyuma kwanza, likilalamika kwenye viungo. Kapovu ka trafiki kakaenda pembeni, kakarudi, kakakaa katikati. Sijawahi kuona uso wa askari uliotulia vile.

"Na huyu ni nani?" Alikuwa anamwangalia Mpira.

"Ni wa kupeleka maneno."

"Amepanda kabla ya kupima?"

"Ndiyo."

"Hilo ni kosa. Huyu ni mnene, tena anasukuma. Ukimweka kwanza hutajua kama mlango umekataa wenyewe au umekatazwa. Mpira hupanda mwisho. Ashuke."

Nilitaka kumtetea, lakini trafiki alikuwa sahihi. Ni kosa nililolifanya kweli, wiki iliyopita, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuzuia vumbi.

Mpira alijibandua kwenye fremu, akajikunja mara tatu, akajiweka begani mwake mwenyewe.

"Nashuka," alisema. "Mtanitafuta mvua ikinyesha."

Akavuka barabara bila kuangalia nyuma.

*

Palikuwa na mimi, na mlango, na mwanya kati ya mlango na nguzo ya mbele, uliokuwa mwembamba chini na mpana juu. Upepo ulipiga mluzi ndani yake.

Kwa miaka yote ya ndoa yangu nimemwambia Bi Mwamvua maneno ya aina tatu: shikamoo, poleni na safari, na chakula kimekuwa kizuri. Hayo yote ni ya kweli na hayana kipimo. Sasa nilitakiwa kumwambia jambo lenye kipimo, na hakuna aliyebaki wa kulifikisha.

"Mama," nilisema, nikiangalia bustani. "Umeshuka."

Bawaba wa Chini aliacha kuning'inia. Sijui alifanyaje, lakini aliacha. Trafiki aliangalia viatu vyake kwa kile kioo. Gari lilishika pumzi.

"Wapi?" aliuliza mlango.

"Upande wa nyuma, chini."

"Kiasi gani?"

"Milimita nne."

"Na juu?"

"Juu umeachana na nguzo kwa kiasi hichohicho. Haukuwa uzito wako, mama. Ni pini ya bawaba ya juu. Imelika."

Bawaba wa Juu alitoa mlio, lakini safari hii hakubisha.

Kipilefti kilizunguka. Mtu wa baiskeli yenye magunia ya mkaa alitupita, akatuamkia, akatupita tena kutoka upande uleule.

"Nne," alisema mlango hatimaye. "Mimi nilikuwa nahesabu tatu."

"Nilipima mara mbili."

"Sikubishii, baba. Nafurahi kusikia namba." Akajivuta kidogo. "Kila anayeingia humu ananibamiza. Nikikataa kukaa, ananibamiza tena, zaidi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama nimeshuka. Kwani aliyeshuka hukaa vizuri akipigwa?"

"Hapana, mama. Kubamiza kunaongeza kulika kwa pini. Na mwishowe kunapinda ngozi ya mlango."

"Sikuwa najua la ngozi," alisema mlango. Niliona anaitunza habari hiyo. "Haya. Umeshasema. Sasa ninyanyue."

"Siwezi kukugusa, mama."

"Nani kasema uniguse? Jeki haina ukwe."

Nilikaa nikaifikiria sentensi hiyo. Ilikuwa sahihi kisheria na kiufundi. Anayerekebisha bawaba lazima autegemeze mlango kwa chini kabla ya kulegeza bolti, vinginevyo utaanguka wote. Jeki hufanya kazi hiyo, ikiwekewa ubao na kitambaa juu ili isikwaruze rangi.

"Kitambaa sina," nilisema.

"Huyu naye. Nani anasafiri bila kanga?"

Kanga ikashuka kutoka mahali fulani ndani ya mlango, nadhani pale kioo kinapoingia. Iliandikwa: NISHUKAPO NINYANYUE USINISUKUME. Niliikunja mara nne, nikaiweka juu ya ubao, ubao juu ya jeki, jeki chini ya ncha ya nyuma ya mlango. Sikugusa popote. Trafiki alishuhudia.

"Nalegeza bolti," nilitangaza.

"Legeza."

"Napandisha."

"Pandisha. Taratibu. Mimi si gunia."

Nilipandisha milimita moja. Ya pili. Ya tatu. Wakati huo Bawaba wa Juu aliinua mkono kichwani, akachomoa pini yake kama mwanamke anayefumua nywele. Alitupa tuione. Ilikuwa nyembamba katikati kama gunzi lililogugunwa.

"Nayo imenibeba hii," alisema, si kwa huzuni.

"Mpya tutaipata wapi?" niliuliza.

Alifungua pindo la kanga yake mwenyewe, pale wanawake wanapofunga vitu, akatoa pini mpya yenye grisi ya kiwandani.

"Ulikuwa nayo muda wote?"

"Muda wote."

"Kwa nini hukusema?"

"Uliniambia bado kijana."

Pini ikaingia. Nikapandisha milimita ya nne. Mwanya kati ya mlango na nguzo ukawa sawa, chini na juu, kama mstari uliochorwa kwa rula. Nikakaza bolti, moja baada ya nyingine kwa kupishanisha, kidogo kidogo, ili asivutwe upande mmoja. Mluzi wa upepo ukanyamaza. Nilimrudisha Bwana Mpokeaji pale alipokuwa tangu kiwandani.

"Hapa ndipo nilipopazoea," alisema, akapanua mdomo.

Bawaba wa Chini akamgeukia Komeo. "Haya. Sasa sema."

Komeo akafungua mdomo. Watu wote walisubiri. Hata kipilefti kilipunguza mwendo.

"Nilitaka kusema kwamba mimi sina tatizo," alisema Komeo.

"Ndiyo hilo tu?"

"Hilo tu. Tangu mwanzo mnaniangalia mimi. Ila tone la mafuta sitalikataa."

Nilimtia tone la mafuta. Ilianza kunyesha manyunyu, na nilipogeuka, Mpira alikuwa amesimama kando ya barabara na mkunjo wake begani, anaangalia upande mwingine.

"Panda," nilimwambia.

"Nani kaniita?"

"Nimekuita mimi."

"Sema vizuri."

"Karibu, tafadhali."

Akapanda, akajibandika kuzunguka fremu. Kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimeshakaa mahali pake, hakuwa tena mnene sana.

*

Sasa kwenye kiti cha abiria amekaa Bi Mwamvua mwenyewe, mtu kamili, na mkoba mapajani. Sijamwona akiingia. Mlango uko wazi upande wake, na ni mlango tu, wa bati na rangi ya samli. Mbele yetu ni kipilefti kitupu. Trafiki ametupa ishara ya kupita.

Mkono wangu wa kushoto uko juu ya paja langu. Sijaukalia. Tunaangalia mbele wote wawili, mimi na mkono.

Komeo la gari la aina hii hung'ata kwa meno mawili. La kwanza hushikilia tu; hapo mlango unaonekana umefungwa, nao bado haujafungwa. La pili ndilo hufunga. Abiria wote niliowahi kuwabeba walibamiza na wakaishia kwenye la kwanza. Nilitaka kumweleza Bi Mwamvua jambo hili, kisha nikaona nimeshasema ya kutosha kwa siku moja.

Anashika mlango kwa vidole viwili. Haubamizi. Anauvuta kama mtu anayefunga kabati lenye sahani za wageni.

Nasikia la kwanza. Tik.

Nasubiri la pili.

Niliamka.

Chumba kilikuwa na giza jepesi la alfajiri, na muadhini alikuwa bado hajaanza. Nililala chali nikiangalia dari, nikiwa na hasira ya mtu aliyekatiwa kipimo katikati. Ndipo kutoka bandani, chini ya dirisha letu, nikasikia sauti ndogo, nzito, ya chuma kilichoingia mahali pake hadi mwisho.

Tak.

Nilijiambia kwamba bati hutoa milio wakati wa baridi. Ni kweli, hutoa. Lakini Sikudhani alijigeuza kitandani bila kufungua macho.

"Mama ameshafika?" aliuliza.

"Kwa nini?"

"Si amefunga mlango wa gari. Hakuna mwingine anayefunga taratibu hivyo."

Nilichukua simu nikaangalia saa. Basi lake lilikuwa bado halijatoka Kondoa.